Nusu Dakika Nyuma

WAYA: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, nimebanwa kati ya spika mbili hapa!

CHEREHANI: Haloo, Waya? Ni mimi.

WAYA: Mimi ndiye nani? Kama ni wewe mpambaji, maua yako yananing'inia mbele ya kamera yangu, njoo uya—

CHEREHANI: Cherehani.

[Muziki kwa mbali.]

WAYA: Cherehani gani?

CHEREHANI: Kwani unawajua wangapi?

WAYA: Hapana, ni... ni namba. Namba hii siijui.

CHEREHANI: Ile uliyokuwa ukiijua imekwenda na simu yake. Nilianguka kwenye ngazi nikitundika gauni. Simu ikatangulia, mimi nikaifuata. Yenyewe ikavunjika kioo, mimi kifundo cha mguu. Hapa natumia kitochi cha jirani, kisimu cha vitufe. Habari za siku nyingi?

WAYA: Nzuri. Nzuri tu. Pole na mguu, nilisikia. Yaani sikuulizia, nilisikia tu. Wewe hujambo?

CHEREHANI: Sijambo, ila nakufa. Waya, video haichezi!

WAYA: Video gani?

CHEREHANI: Yako hiyo! Ya harusi ya mdogo wangu! Si wewe unayeirusha? Nimefungua ile anwani kwenye kompyuta, bi harusi mwenyewe alinisomea herufi moja moja kwenye simu mpaka akakaribia kulia. Ukurasa umekuja, majina yao yapo, mioyo miwili ipo, lakini pale kwenye video pamekuwa peusi tii. Peusi! Hata sijui nisemeje.

WAYA: Duara linazunguka?

CHEREHANI: Lilizunguka, likachoka, likaacha.

WAYA: Hapa inaruka vizuri, watu kibao wanaangalia mpaka wengine wanatuma vikopakopa. Tatizo liko huko kwako. Bando lipo?

CHEREHANI: Lipo la kumwaga. Salio la kuongea ndilo la kubahatisha, kwa hiyo usinipotezee muda. Anaingia saa ngapi?

WAYA: Bi harusi? Gari limeshafika. Wako kwenye veranda wanampanga gauni.

CHEREHANI: Uwii! Wanalipangaje? Waambie ule mkia haukunjwi, unamwagwa chini wenyewe! Na vifungo vya mgongoni vinaanzia chini, wakianza juu vitawaaibi—

WAYA: Cherehani. Toa pini mdomoni kwanza.

[Mlio wa pini kwenye kopo.]

CHEREHANI: Umejuaje?

WAYA: Ukiwa na pini mdomoni, unaongea kama umekasirika. Toa. Ngoja nichomeke simu kwenye meza ya sauti, nikusikilize kwenye hedfoni, mikono nina kazi nayo. Hapo. Sema kitu.

CHEREHANI: Kitu.

WAYA: Safi. Haya, bonyeza kile kimshale kinachojizungusha, juu kushoto.

CHEREHANI: Nimekibonyeza mpaka kimechubuka.

WAYA: Juu umefungua kurasa ngapi?

CHEREHANI: Za mitindo tu. Mikono ya puto, kola, mgongo wazi... zimejipanga mpaka hazisomeki.

WAYA: Zifunge zote.

CHEREHANI: Zote? Na ile kola ya—

WAYA: Cherehani!

CHEREHANI: Nafunga, nafunga! Usinipigie kelele, kipanya chenyewe kinaruka kama panzi. Hii... hii... kwaheri kola. Zimekwisha. Bado peusi.

WAYA: Kuna kile kidude cha kuzuia matangazo, nilikuwekea zamani. Kizime.

CHEREHANI: Kile cha mkono mwekundu? Kimezimwa. Bado.

WAYA: Brauza nyingine?

CHEREHANI: Nimejaribu. Ile nyingine haikufungua hata ukurasa, imeninunia tu.

WAYA: Sasa kwa nini usisubiri? Inabaki mtandaoni hiyo, utaiangalia hata kesho ukiwa umetul—

CHEREHANI: Kesho! Waya, nisikilize vizuri. Mtoto yule nimemlea mimi. Nimemwogesha, nimemsuka, nimemsubiri getini shuleni na utepe wa kupimia shingoni. Gauni hilo nimelishona kwa vipimo vya kutajiwa kwenye simu, sijaliona hata mara moja likiwa na mtu ndani. Nimeliona kwenye sanamu, na sanamu haina kichwa! Ukumbi mzima utamwona akiingia, mimi nije nimwone kesho kama gazeti la juzi? Nataka nimwone akiingia. Wakati anaingia. Basi.

WAYA: Sawa.

CHEREHANI: Usiseme sawa halafu—

WAYA: Nimesema sawa, mama. Utamwona.

[Kwa nyuma, kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, naomba tusimame sote..."]

CHEREHANI: Anasema nini huyo?

WAYA: Mshereheshaji. Anawasimamisha watu. Aisee, anaingia sasa hi—

CHEREHANI: Mzuie!

WAYA: Nimzuie nani? Bi harusi?

CHEREHANI: Yeyote! Mzuie yeyote!

WAYA: Cherehani, mimi ni mtu wa kamera na sauti, siwezi tu—

CHEREHANI: Waya. Tafadhali.

[Pu! Muziki unakatika. Minong'ono.]

CHEREHANI: Umefanya nini?

WAYA: Nimechomoa waya wa muziki.

CHEREHANI: [anacheka] Mungu wangu!

WAYA: Usicheke, nitacheka na mimi. Nimeingia chini ya meza najifanya natafuta kilichoharibika. Mshereheshaji anawaambia ni tatizo dogo la kiufundi. Haya, fanya haraka, tatizo lenyewe lina jasho. Tangu umefungua ule ukurasa, hakuna ujumbe wowote uliotokea?

CHEREHANI: Hakuna. Ukiacha ule mwekundu.

WAYA: Mwekundu upi?

CHEREHANI: Ule ukurasa mwekundu wenye kufuli. Unakuja na kengele, ting, mpaka nimezima sauti ya kompyuta. Mimi huwa nabonyeza "endelea hivyo hivyo", unaondoka.

WAYA: Huwa? Huwa unakuja kila siku?

CHEREHANI: Kila nikifungua mtandao. Mimi nilidhani ndiyo salamu zake.

WAYA: Salamu! Na huwa umeandikwa nini?

CHEREHANI: Nani ana muda wa kusoma? Nina watu wanataka sare za kwaya.

WAYA: Urudishe. Usome. Mstari kwa mstari.

CHEREHANI: Ngoja... ting, huyo. "Muunganisho wako si salama..." maneno mengi... "Saa ya kompyuta yako iko nyuma."

WAYA: Ehee!

CHEREHANI: Ehee nini?

WAYA: Ngoja ngoja ngoja. Ile programu ya kudarizi bado unaitumia? Ile ya majaribio niliyokuwekea? Nikakuonyesha kwamba ikikaribia kuisha, uirudishe nyuma tarehe ya kompyuta, ijue siku hazijapita?

CHEREHANI: Ndiyo hiyo. Maua yote ya gauni nimeyachora humo. Ni janja yako mwenyewe, usije ukanigeuka.

WAYA: Sikugeuki. Ila ndiyo inayokukaba. Sikiliza, kila tovuti ina cheti chake, na cheti kina tarehe ya kutolewa. Kompyuta yako inaamini leo ni zamani. Inaona cheti kimetolewa siku ambayo bado haijafika, inasema huyu tapeli. Wewe umeulazimisha ukurasa uingie, lakini video inatoka sehemu nyingine, na huko hujalazimisha mtu. Kwa hiyo imebaki nje.

CHEREHANI: Kumbe! Miaka yote naisema mitandao ya watu, kumbe ni mimi?

WAYA: Ni wewe. Angalia kona ya chini, kulia. Inasema leo ni lini?

CHEREHANI: Inasema zamani.

WAYA: Zamani ya lini?

CHEREHANI: Waya, niambie tu nibonyeze wapi.

WAYA: Nataka kujua iko nyuma kiasi gani. Soma.

[Mtandao unakwaruza.]

WAYA: Haloo? Umepotea?

CHEREHANI: Nipo.

WAYA: Bi harusi amefunua shela kidogo, anachungulia. Kanikazia macho mpaka naona aibu. Soma, dada.

CHEREHANI: Tarehe tisa, mwezi wa nne. Mwaka ule.

WAYA: Mwaka upi?

CHEREHANI: Wa maji.

WAYA: Siku ile maji yalipoingia dukani.

CHEREHANI: Ndiyo.

WAYA: Tukapanda juu ya meza ya kukatia. Wewe, mimi, na kompyuta katikati.

CHEREHANI: Na majora ya vitambaa. Na viatu vyako vikaelea vikatoka mlangoni, ukabaki unavipungia mkono.

WAYA: [anacheka] Sikuviona tena vile viatu. Lakini Cherehani, mimi nilikwambia urudishe siku chache tu nyuma. Ungeweza kuirudisha siku yoyote.

CHEREHANI: Ningeweza.

WAYA: Na ikikaribia kuisha tena?

CHEREHANI: Sisubiri ikaribie. Kila asubuhi nairudisha hapo hapo. Nimeizoea. Ukiinua macho unaikuta... Sasa nibonyeze wapi, jamani? Mtoto kasimama juani!

WAYA: Sawa. Sawa. Bonyeza hapo hapo kwenye tarehe, kitufe cha kulia cha kipanya. "Rekebisha tarehe na saa."

CHEREHANI: Imefunguka.

WAYA: Kabla hujaibadilisha. Ukiweka leo, ile programu itajua muda wake umekwisha siku nyingi. Itakufa, haitafunguka tena hata ukiirudisha nyuma.

CHEREHANI: Ife! Nitadarizi kwa mkono, mikono ninayo.

WAYA: Na ile siku itatoka hapo.

CHEREHANI: Ndiyo, itatoka. Nimekaa nayo vya kutosha. Nimeweka mwezi... nimeweka mwaka... uwii, miaka imepita hivi? Nimebonyeza sawa.

WAYA: Funga brauza yote. Ifungue upya.

CHEREHANI: Nafunga. Nafungua. Inafunguka... kufuli halijaja! Ule mwekundu haujaja! Duara linazunguka... linazunguka... zunguka baba, zunguka... Naona! Waya naona! Naona maua! Naona viti! Naona kisogo cha mtu!

WAYA: Cha mjomba wa bwana harusi. Amekataa kuhama tangu asubuhi.

CHEREHANI: Kisogo kizuri! Mwache akae! Aaaai, nimekuwa mzima!

WAYA: Sauti unaipata?

CHEREHANI: Ya kompyuta bado nimeizima. Nakusikiliza wewe.

WAYA: Basi narudisha waya. Kuna vitufe vya kusukuma hapa, sijui ni kipi nilishusha... mdogo wako anapiga kiatu chini... nasukuma vyote juu! Twende!

[Muziki unarudi kwa kishindo. Shangwe.]

WAYA: Huyo! Anaingia! Cherehani, anaingia!

CHEREHANI: Wapi? Mimi naona mlango mtupu!

WAYA: Ameshapita mlango! Yuko kwenye zulia!

CHEREHANI: Zulia lipi? Hakuna mtu! Waya usinifanyie hivyo, imeganda, imeganda tena!

WAYA: Haijaganda! Picha inachelewa njiani. Nusu dakika hivi. Uko nyuma.

CHEREHANI: Nyuma tena? Si nimeweka leo?

WAYA: Nusu dakika tu! Ulikuwa nyuma kuliko hapo!

CHEREHANI: [anacheka] Mshenzi wewe. Sasa nifanye... ah.

WAYA: Umemwona?

CHEREHANI: Ah. Ah, jamani.

WAYA: Cherehani?

CHEREHANI: Linatembea.

WAYA: Ndiyo.

CHEREHANI: Waya, linatembea! Ona mkia ulivyomwagika! Ona mabega yalivyokaa, nilimwambia asimame wima akanisikia. Na maua ya kifuani yanapanda juu na chini, anahema. Linahema! Mdogo wangu huyo. Mtoto wangu huyo. Nalia, usijali, nalia vizuri.

WAYA: Lia. Na mimi nimeifuta lenzi mara mbili, kumbe lenzi haina kitu.

CHEREHANI: Msogelee! Nionyeshe pindo la mkono!

WAYA: Ameshafika mbele huku, wimbo umekwisha. Lakini nilimsogelea wakati anapita, utaona sasa hivi.

[Muziki umenyamaza.]

CHEREHANI: Naona! Pindo limelala kama nililipiga pasi leo. Eh! Na yule mama wa mstari wa mbele, ile kofia vipi? Mbona kama kavaa sufuria na mfuniko wake?

[Kicheko kikubwa ukumbini.]

CHEREHANI: Wanacheka nini?

WAYA: Sijui, hedfoni zimenizibia. Wamefurahi tu. Mshereheshaji kashika tumbo. Harusi nzuri hii.

CHEREHANI: Na bwana harusi anatabasamu meno yote. Suti imembana lakini tumsamehe.

[Kicheko tena.]

WAYA: Ajabu, yule mama wa kofia kaivua.

CHEREHANI: Afadhali! Waya, kuna kitu kinalia tii kwenye simu. Salio linaniaga.

WAYA: Basi ngoja. Ngoja kidogo. Cherehani, siku ile juu ya meza nilikuuliza kitu.

CHEREHANI: Nakumbuka.

WAYA: Ukaniambia nikupe muda.

CHEREHANI: Nilikuwa na mtoto wa kulea, Waya. Nilisema mpaka atoke mkononi mwangu ndipo niwaze ya kwangu. Wewe ukakimbilia mjini kwenye makamera yako, hata hukuniaga.

WAYA: Ningekuaga ningebaki. Nikakupa muda. Kumbe muda wenyewe umeufunga kwenye kompyuta, hauendi popote!

CHEREHANI: [anacheka] Si ulinifundisha mwenyewe?

WAYA: Sasa mtoto ndiye huyo, katoka mkononi mwako, namwona. Na tarehe umeweka ya leo. Nikuulize tena au unalikumbuka swali?

[Tii nyingine kwenye simu.]

WAYA: Cherehani?

CHEREHANI: Nalikumbuka neno kwa neno. Ndiyo, Waya. Nakubali. Nilikubali tangu maji yakiwa magotini, nilichelewa kusema tu. Nakubali!

[Vigelegele. Makofi. Viti vinasukumwa.]

WAYA: Eee! Umesema... rudia, kuna makelele hapa!

CHEREHANI: Makelele ya nini? Wamevishana pete? Ngoja niwashe sauti ya kompyuta na mimi nisikie... Hapo.

WAYA: Bado hawajavishana. Sijui wanashangilia nini. Wamenigeukia wote.

CHEREHANI: Waya.

WAYA: Naam?

CHEREHANI: Kuna mwanamke anaongea kwenye video.

WAYA: Mshereheshaji ni mwanamume.

CHEREHANI: Anasema kofia kama sufuria na mfuniko wake.

WAYA: Nimesukuma vitufe vyote.

CHEREHANI: Waya!

WAYA: Na simu nimeichomeka kwenye meza ya sauti.

CHEREHANI: Waya! Ni mimi! Ni sauti yangu, kubwa hiyo, ukumbi mzima! Sasa anasema suti imembana! Kama kofia imesikika, na suti imesikika, basi na lile... Yesu na Maria, na lile nililosema...

WAYA: [anacheka mpaka anakohoa] Limesikika. Mjomba wa kisogo kasimama anapiga makofi. Mama wa kofia anaipunga ile kofia juu! Mdogo wako anakuja huku mbio na gauni lote, kaacha bwana harusi peke yake!

CHEREHANI: Mwambie asikimbie, vifungo! Shusha vitufe! Na hapa wananisikia?

WAYA: Kila neno. Wanaitikia. Huwezi kulirudisha nyuma tena, hata kwa tarehe.

CHEREHANI: Nani kasema nataka kulirudisha? Jamani huko ukumbini, hamjambo? Mama, samahani kwa kofia, nitakushonea nyingine! Hiyo tii inalia tena. Waya, salio! Geuza kamera nikuone, haraka, kabla halijakatika!

WAYA: Nimeigeuza. Niko mbele yake. Nimevaa shati lile.

CHEREHANI: Lipi? Nililokushonea? Bado linakuenea? Sikuoni, mimi naona bado kisogo cha mjomba! Mbona huji?

WAYA: Nusu dakika, nakuja.

CHEREHANI: Nusu dakika nzima? Nitaweza wapi kusubiri nusu daki—

WAYA: Mimi nimesubiri tangu maji yakauke! Kaa hapo utazame!

[Tii. Tii. Simu imekatika.]